Mama Kaswera na Ukuta wa Magurudumu

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kuwakera watu waliostahili kukerwa, Mama Kaswera Rébecca, Mwenyekiti wa Kamati ya Nidhamu katika Umoja wetu wa Waendesha Chukudu wa Butembo na Beni, anastaafu leo, Jumamosi tarehe 28 Juni 2025. Wapo waliofurahi. Tunawajua kwa majina, na wengi wao wameketi viti vya mbele.

Kwa wageni waliotoka mbali: chukudu ni chombo chetu cha mbao, magurudumu mawili, usukani, na ubao mrefu wa kubebea mzigo. Hakina injini wala pedali. Mlimani unakisukuma, mteremkoni kinakubeba wewe na viazi vyako, na kinachokuzuia usifike kaburini kabla ya sokoni ni freni, yaani kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa kwa nyuma, unachokikanyaga kwa kisigino. Kila mwezi wa tisa, usalama wa njia ukiruhusu, tunafanya mashindano kutoka Musienene kuja mjini Butembo, kila mwendeshaji na magunia yake mawili ya viazi. Waendeshaji ni mashujaa. Hivyo ndivyo wanavyojiita wenyewe, na kazi ya Mama Kaswera ilikuwa kutazama ni mashujaa wa namna gani.

Leo mjini kuna swali moja tu, na afadhali tuliseme mapema ili watu wale chakula kwa utulivu: je, gurudumu la Zorobabel litashuka? Geuzeni shingo mtazame ukuta wa baraza ya ofisi yetu, hapo nyuma ya meza ya keki. Mnaona misumari. Kwenye msumari mmoja mnaona gurudumu la mbao. Pembeni yake mnaona ngazi mpya kabisa, iliyofungwa riboni nyekundu na nyeupe kama bibi harusi. Habari za ngazi hiyo zitakuja mahali pake.

Mama Kaswera hajawahi kuendesha chukudu. Jambo hilo limesemwa sana, hasa na wale aliowaadhibu, utafikiri hakimu lazima aanze kwa kuiba kuku ndipo ajue kumhukumu mwizi wa kuku. Mwaka 2003 alikuwa muuza viazi sokoni Musienene. Siku ya mashindano, mwendeshaji mmoja aliyeng'oa freni yake ili aende kasi alimpitia yeye pamoja na meza yake. Nyonga haikupona sawasawa. Hadi leo anachechemea, na ukisikia hatua zake nje ya mlango, moja nzito, moja nyepesi, ujue ni wakati wa kuacha ulichokuwa unafanya. Aliyemgonga alishinda kikombe. Yeye alibebwa mabegani na Mama akabebwa kwenye machela kuletwa hospitali mjini, wakapishana njiani, na waliokuwa wanaimba hawakunyamaza.

Alipoweza kutembea alikuja ofisini. Viongozi wa wakati ule walidhani amekuja kulilia viazi vyake. Akawauliza ni sheria gani imevunjwa. Sheria haikuwepo. Mmoja wao, mcheshi wa kiofisi, akamwambia: "Basi Mama, andika yako." Mama akaketi, akaandika. Wakampa na kiti cha nidhamu juu yake, wakijua atachoka kabla ya Noeli. Walikuwa watu wenye akili nyingi mno, ndiyo maana leo hakuna anayekumbuka majina yao.

Sheria zake hazikuwa ndefu. Freni iwe mahali pake tangu mwanzo hadi mwisho. Usimkatie mwenzako njia mteremkoni. Viazi viwe viazi. Na ukifika, uinue mguu. Hilo la mguu liliwachekesha mashujaa wetu hadi wakashika mbavu. Lakini mtu asiye na freni hupunguza mwendo kwa kuburuza unyayo, na ndara zake hufika zimeliwa na barabara, zinanuka mpira ulioungua. Kwa hiyo tangu hapo kila mwendeshaji akifika husimama mbele ya Mama Kaswera kwa mguu mmoja, kama kuku kwenye tope, na Mama huinama kusoma. Mabingwa wenye vifua vya kuogopwa wamesimama hivyo wakiyumbayumba, na wake zao wakitazama.

Adhabu nayo aliibuni yeye. Gurudumu la mbele la kila mwanachama limechomwa alama ya Umoja kwa chuma cha moto. Ukivunja sheria, gurudumu linafunguliwa na kutundikwa ukutani, hapo mnapopaona, hadi adhabu yako iishe. Kazi unaweza kuendelea nayo kwa gurudumu lisilo na alama, kwani Mama hakutaka watoto wa mtu walale njaa kwa ujinga wa baba yao. Mashindano ndiyo huyaoni. Na kila mama wa sokoni anajua maana ya gurudumu lisilo na alama, tena anajua kuuliza kwa sauti.

Tumesikia visingizio katika ofisi hii, jamani. Mwendeshaji mmoja wa Beni alieleza kwamba freni yake ilibaki nyumbani kwa sababu mke wake aliitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Mama akachukua mkoba wake, akasema twende tuuone huo mlango. Tulipanda gari hadi Beni. Nyumba ilikuwa na pazia tu. Mwingine, kijana wa Kyavinyonge aliyezoea ziwa kuliko barabara, alijaza magunia majani makavu ya migomba na kupanga viazi vichache juu kama pambo. Angeshinda, maskini, kama asingeanguka mtoni pale darajani. Yeye alizama hadi kifuani, magunia yake yakaelea yakienda zake. Viazi vya Musienene havielei. Bado alikata rufaa.

Baada ya wavunja sheria huja waombezi, na hao ndio waliotuchosha zaidi. Mchungaji atakuja kusema Mungu husamehe. Mjomba atakuja kusema kijana ana homa. Katekista, mwalimu, mwenye duka, shangazi wa mwenye duka, wote watapita mlango ule wakiwa na sura ya msiba, kana kwamba aliyetundikwa ukutani ni mtu na si ubao. Siku moja alikuja askari mwenye miwani ya jua ndani ya nyumba, akapiga meza na kudai gurudumu kwa Kilingala cha jeshi: "Mama, pesa nga roue oyo!" Mama hakuinua hata macho. "Hapa hapana camp, mutoto yangu. Ikala, ngoja zamu yako." Askari akaketi kwenye benchi, kati ya shangazi na katekista. Zamu yake ilipofika alikuwa amevua miwani, na gurudumu alilolijia lilibaki lilipokuwa.

Msifikiri tunamuaga malaika. Mama Kaswera ni mkali kupita inavyohitajika, hasa kabla ya chai. Hapendi kuimba na hapendi wanaoimba. Husinzia katika mahubiri marefu, kisha akiamka husema amina mahali pasipotakiwa. Na amewahi kukosea.

Mwaka mmoja alitundika gurudumu la Kambere, mwendeshaji mpole wa hapa Butembo, kwa kosa la kumkatia mwenzake njia. Kambere alisema si yeye, na Mama hakumsikia, kwa kuwa kila mtu anayeingia mle husema si yeye. Msimu wa mvua ukiwa umeanza, ukweli ukajulikana: aliyekata njia ni mwingine, aliyevaa fulana ya rangi ileile. Ofisi nyingine tunazozijua zingeunda tume. Mama alishusha gurudumu mwenyewe, akalipeleka kwa miguu hadi nyumbani kwa Kambere, akaomba radhi mbele ya majirani. Kisha akarudi, akauchukua mwavuli wake mweusi, akautundika kwenye msumari uleule, kwa muda uleule ambao Kambere alikuwa amekosa gurudumu lake. Mvua za Novemba mnazijua. Alikuja kazini amelowa, akaenda nyumbani amelowa, akakohoa hadi tukamwonea huruma. Aliyejaribu kumwazima mwavuli mwingine alifukuzwa. Watu wakapita barazani kuchungulia mwavuli ukutani, wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Tangu siku ile, mtu akitundikiwa gurudumu, anaweza kumchukia Mama Kaswera, lakini hawezi kusema anaonewa.

Sasa tufike kwa Zorobabel.

Zorobabel ni bingwa wetu. Anateremka kama jiwe, na kwa mashavu yake mazuri amepata mfadhili: Papa Mbusa, mfanyabiashara wa kakao ya Kamango, ambaye jina lake limeandikwa kwenye fulana ya Zorobabel kwa herufi kubwa kuliko za jina la Umoja. Katika mashindano ya mwaka jana mvua ilinyesha tangu asubuhi. Zorobabel alitokea wa kwanza, mikono juu, tope tangu usoni hadi magotini. Na miguuni, viatu vya kanisani. Vyeusi, vya ngozi, vinang'aa, kamba zimefungwa vizuri kama za mtoto siku ya komunyo ya kwanza.

Mwenye macho haambiwi tazama. Shujaa wetu alikuwa amefungua freni kule juu. Ndara zake zilikuwa zimekwisha kwa kuburuzwa, hivyo kwenye kona ya mwisho mtu wa Papa Mbusa alimsubiri na viatu vingine. Wangeweza kuleta ndara kuukuu zenye matope. Hapana. Kulikuwa na picha za kupigwa, na bingwa wa Papa Mbusa hapigwi picha na ndara. Mama akamtazama miguuni bila kuinama. "Mvula yote hii, na viatu vyako vinangaa vile. Ulipita mu barabara gani, ya mbinguni?" Zorobabel, kwa uso mkavu, akajibu: "Mama, miye minatembesha chukudu muzuri, tope haiko inanifika." Tope lilikuwa linamdondoka kutoka kwenye nyusi.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii haikufika hata kwenye kikombe. Kwa sababu wakati uleule alifika mama mmoja muuza maharagwe, kapu tupu mkononi. Zorobabel alikuwa ameshindwa kusimama pale sokoni, karibu na kona ya mwisho, akapita katikati ya maharagwe yake, na mama huyo mwenyewe akaokolewa na jirani aliyemvuta kwa kitenge. Niliuona uso wa Mama Kaswera aliposikia hayo. Alishika nyonga yake, nadhani bila kujua. Zorobabel aliamriwa kwanza arudi kuokota maharagwe, yote, pamoja na yaliyoingia mtaroni, na aliyaokota akiwa amevaa viatu vya kanisani. Kisha gurudumu lake likatundikwa hadi mashindano ya mwezi wa tisa mwaka huu yapite. Bila yeye, yaani.

Papa Mbusa hakupiga meza. Yeye ana adabu ya watu wenye maghala. Alingoja. Aliposikia Mama anastaafu, alijitokeza kulipia sherehe: mahema, viti, muziki, mbuzi, na soda mnazokunywa. Tulishukuru. Wiki iliyopita akaleta ile ngazi yenye riboni na mpiga picha wake, akaeleza kwamba leo, kabla ya keki, Mama atapanda, atalishusha gurudumu na kumkabidhi Zorobabel, na watu watapiga vigelegele. "Mama, ni siku ya furaha," alisema. "Chef akienda, anaachiliaka bafungwa. Njo kawaida."

Ni kweli, ni kawaida. Kila mkubwa wa nchi hii akiondoka huachia wafungwa, hasa wale ambao jamaa zao walimlisha. Mama Kaswera alimsikiliza hadi mwisho. "Papa Mbusa, gereza iko ya serikali. Hapa ni musumari tu. Na musumari haijuake sikukuu." Papa Mbusa akatabasamu, akaacha ngazi palepale. Akitoka akanishika mkono mimi Sadrack, naibu, ambaye kesho ninaketi kwenye kiti cha Mama, akaninong'oneza kwamba hakuna shida, yeye ana subira, na kesho haiko mbali.

Nililipeleka neno hilo kwa Mama jinsi lilivyo. Hapo ndipo nilipomwona akiogopa kwa mara ya kwanza. Hakujali kusahauliwa, na zawadi kubwa aliyoahidiwa na Papa Mbusa aliikataa hata bila kuuliza ni nini. Aliogopa kwamba miaka ishirini na miwili ilikuwa ni yeye tu, mguu wake mbovu na sauti yake, na kwamba akitoka mlangoni gurudumu litashuka kwa ngazi ya mtu mwingine, na mwezi wa tisa kutakuwa na mwanamke mwingine sokoni aliyekaa ameipa barabara mgongo. Alisema hivyo waziwazi, kisha akaagiza chai.

Jana asubuhi Zorobabel mwenyewe alikuja. Nilijiandaa kwa machozi, maana mashujaa hulia vizuri sana. Alikuwa na kopo la mafuta ya mawese na kitambaa. "Papa Sadrack, sikukuya kuomba roue. Nimekuya kuipakala mafuta. Na hii jua, mbao itapasuka." Nikamtazama Mama. Mama akamtazama Zorobabel, akatazama na miguu yake. Alikuwa amevaa ndara. "Apakale," Mama akasema. "Lakini ibakie palepale juu."

Msumari uko juu, mkono haufiki. Basi bingwa akaiburuta ile ngazi ya Papa Mbusa, akapanda na riboni zake, akalipaka gurudumu mafuta taratibu, pande zote, hata kwenye alama, likiwa limetundikwa. Alipomaliza akashuka mikono mitupu, akafuta tone lililoanguka sakafuni, akaaga. Mlangoni akageuka, akasema maneno ambayo sikuyatarajia kutoka kwa mtu wa viatu vile: "Mukiishusha kesho, batu watasema nilibebwa. Miye sijabebwaka." Kisha akaenda kusukuma mzigo wa watu. Ngazi basi imekwisha kufanya kazi yake, Papa Mbusa, na tunakushukuru. Ni ngazi imara. Ukinusa vizuri utasikia mawese hadi hapo ulipokaa.

Mafanikio ya Mama Kaswera, kama desturi ya wasifu inavyotaka yatajwe, ni haya: tangu alipoketi kwenye kiti kile, katika mashindano yetu hakuna mwanamke mwingine aliyebebwa kwenye machela. Maharagwe, ndiyo, yamemwagika. Nyonga, hapana. Hatuna kikombe cha jambo hilo, kwa sababu vikombe hupewa wanaofika haraka.

Anarudi kwao Musienene, kwenye shamba lake la viazi, karibu na barabara ileile. Njia ya kwenda huko ni mlima, na mizigo yake itasukumwa kesho na waendeshaji ambao kila mmoja amewahi kutundikiwa gurudumu. Walijipanga wenyewe na kugombana nani atabeba kitanda. Kambere ndiye anaongoza. Zorobabel ataenda nao, kwa miguu, akisukuma nyuma ya chukudu ya mwingine. Wote wameambiwa kwamba wakifika, watainua mguu.

Mama Kaswera, wasingya, kama tunavyoshukuru kwa Kinande. Tunakushukuru kwa kila mlango uliotufungia na kwa kila mmoja uliotufungulia. Viazi vyako viwe vikubwa, mvua ikukute ndani, majirani wako waimbe kidogo, na yeyote atakayepita kwa kasi mbele ya geti lako awe na freni.

Kuhusu kesho ambayo haiko mbali: asubuhi hii, kabla ya mahema kujaa, Mama alinikabidhi ufunguo wa ofisi, nyundo, na mwavuli mweusi. Akanifanya nipande ile ngazi nipigilie msumari mpya, kando kabisa ya gurudumu la Zorobabel. Mnauona hapo, mtupu, unang'aa. "Siku utakosea, Sadrack, usinitafute ku Musienene," aliniambia. "Musumari ndio huu."

Mwavuli uko chini ya kiti changu, Papa Mbusa. Naupenda, na mvua za mwezi wa tisa nazijua. Gurudumu halishuki.

Sadrack Kasonia
Naibu Mwenyekiti, Kamati ya Nidhamu